Hendeli ya kaboni ama ya alumini kwa baiskeli ya milima? (Menengai, Mau, Riat, Maseno)

MteremkoNjoro
Wadau, naomba mwongozo. Baiskeli ni ya tairi za inchi 29, shokabu iko mbele tu, foki inayozama hadi milimita 120. Hendeli iliyoko ni ya alumini, imenyooka, upana milimita 720, na pale inapoingia kwenye stemu (kile kishikio kinachoiunganisha na foki) ina mikwaruzo ambayo siipendi. Uzito wangu ni kilo 84. Njia zangu ni ukingo wa Menengai na kushuka msituni, murram ya Njoro kuelekea Mau Narok, na nikiwa Kisumu ni Riat na Maseno. Mikono inakufa ganzi, hasa kidole cha mwisho na kile cha pete.

Pesa iliyoko inatosha kitu kimoja kati ya hivi viwili: hendeli ya kaboni peke yake, ama ya alumini nzuri pamoja na gripu mpya (mipira ya kushikia) na tairi ya mbele. Mngechukua gani? Tafadhali msiniambie tu "kaboni huvunjika". Nataka kujua inavunjikaje, na alumini nayo inavunjikaje.

FundiBondeni
Anza na kipimo, maana watu wengi hununua kitu kizuri kisichoingia. Kama huna vernier ya kupimia unene, chukua uzi, uzungushe mara moja katikati ya hendeli pale stemu inaposhika, kisha uunyooshe kwenye rula. Ukipata karibu sentimita 10, kipenyo chake ni milimita 31.8. Ukipata 11, ni 35. Ukipata 8 ni ile ya zamani ya 25.4, ambayo utaikuta kwenye baiskeli nyingi za mtumba. Hendeli ya 35 haiingii kwenye stemu ya 31.8 kwa njia yoyote ile, na usikubali mtu akukwangulie stemu ili iingie. Kinyume chake kinawezekana: hendeli ya 31.8 kwenye stemu ya 35 kwa kutumia pete ya kujazia, lakini hiyo ni kwa alumini. Kwa kaboni sitaki kuona pete yoyote hapo katikati.

Ncha za kushikia gripu ni 22.2 kwa zote, kwa hiyo leva zako za breki na gia zitaingia tu.

Upana: 760 inakufaa kwa njia ulizotaja. Usinunue nyembamba kuliko unavyodhani unahitaji, kwa sababu hendeli hukatwa, hairefushwi.

KibosJuu
Nijibu lile swali la kuvunjika, kwa sababu hapa ndipo watu hudanganyana.

Alumini huchoka. Kila mtikisiko unaikunja kidogo sana, isivyoonekana kwa macho, na mikunjo hiyo inajumlishwa. Chuma cha pua kina kiwango cha mzigo ambacho chini yake kinaweza kuvumilia karibu milele. Alumini haina kiwango hicho. Ufa huanzia mahali penye mkwaruzo ama penye kona kali, na kwa hendeli mahali hapo ni ukingo wa stemu, kwa sababu ndipo nguvu ya kukunja ilipo kubwa kuliko kwingine kote. Mikwaruzo unayoitaja iko mahali pabaya kabisa. Ufa ukishaingia unatembea taratibu, kisha siku moja kipande kilichobaki kinashindwa kwa ghafla. Kwa hiyo ule usemi kwamba alumini hujipinda kwanza na kukuonya ni kweli kwa ajali moja kubwa, si kweli kwa uchovu wa muda mrefu.

Kaboni haichoki namna hiyo. Hendeli ya kaboni iliyotengenezwa vizuri, isiyo na jeraha, inastahimili mitikisiko midogo midogo kupita alumini. Adui yake ni jeraha la mahali pamoja: leva iliyokazwa kupita kiasi, ukingo mkali wa stemu, jiwe, ncha ya chuma kwenye buti ya matatu. Nyuzi zake zina nguvu ajabu zikivutwa kwa urefu wake, lakini zikibanwa kutoka kando hupondeka, na matabaka huachana ndani huku rangi ya juu bado inang'aa.

Barabara kama ya Mau Narok wakati wa kiangazi, yenye yale mawimbi ya murram yasiyoisha, ni uchovu mtupu. Kwa mtu anayepanda mara nyingi njia kama hizo, mimi naona kaboni ina hoja nzito.

FundiBondeni
Yote hayo ni sawa, lakini kaboni ina hoja kwa mtu mwenye spana ya kupimia nguvu. Nakuru hapa mafundi wengi hukaza kwa mkono hadi bolti inalia. Alumini inaweza kusamehe Nm 8 (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukaza) pale palipoandikwa 5. Kaboni haitasamehe, na haitakwambia siku hiyo.

kakamega_tope
Na ganzi je? Huyu ndugu ameuliza ganzi na hakuna aliyemjibu.

Kidole cha mwisho na cha pete vikifa ganzi, maana yake ni neva inayopita upande wa nje wa kiganja inabanwa. Hendeli ndiyo kitu cha mwisho cha kulaumu. Kwanza angalia siti: pua ikiinama chini, mwili wote unateleza mbele na mikono inabeba mzigo. Iweke sawa kabisa kwa kipimamaji. Pili, pembe ya leva za breki: mkono, kifundo na vidole viwe kwenye mstari mmoja unapokaa, kifundo kisikunjwe juu. Tatu, upepo wa tairi. Kwa kilo 84, tairi ya 29 yenye upana wa inchi 2.35 isiyo na tyubu, anza na psi 24 mbele na 27 nyuma, halafu ongeza au punguza moja moja. Ukiwa na tyubu ongeza tatu hivi, la sivyo rimu itabana tyubu kwenye jiwe na upate pancha mbili kwa mpigo. Usitegemee kipimo cha pampu ya petroli stesheni, kimetengenezwa kwa magari na huku chini hakisomi vizuri.

Nne, foki. Ya milimita 120 inapaswa kuzama kati ya 18 na 24 ukiwa umekaa umevaa kila kitu chako. Ikizama 10 tu, mikono inapokea yote yaliyopaswa kumezwa na foki.

MteremkoNjoro
Asante sana. Tairi za sasa ziko psi 38, zina tyubu. Foki sijawahi kuipima. Kwa hiyo kaboni haipunguzi mtikisiko?

kakamega_tope
Psi 38! Shusha leo leo.

Kaboni inaweza kupunguza, lakini si kwa sababu ni kaboni. Inategemea jinsi nyuzi zilivyopangwa na unene wa ukuta. Kuna hendeli za kaboni ngumu kuliko alumini nyingi, zimetengenezewa washindani wanaotaka usukani usiochezacheza. Kuna nyingine zimefikiriwa makusudi kwa starehe: OneUp, kwa mfano, wameipa yao umbo la yai kati ya stemu na gripu ili ikubali kunesa juu na chini bila kulegea mbele na nyuma. Upande wa alumini, Spank wana Vibrocore, mrija wenye povu ndani la kumeza mtetemo. Kwa hiyo ukiuliza "kaboni au alumini" kwa ajili ya starehe peke yake, swali halijakamilika.

Jambo moja ambalo karibu halina ubishi: alumini ya 35 mara nyingi ndiyo ngumu kuliko zote mkononi. Stemu yako ikiwa 31.8, shukuru na ubaki hapo.

KibosJuu
Hapo nakubaliana na wewe moja kwa moja. 31.8 inatosha kwa kila kitu kilichotajwa kwenye mjadala huu.

dada_wa_riat
Kuhusu uzito, kwa sababu kuna mtu ataleta: hendeli ya alumini ya upana wa 760 hadi 800 huwa kati ya gramu 280 na 350. Ya kaboni ni kama 200 hadi 240. Tofauti ni gramu mia hivi, yaani mililita mia za maji kwenye chupa yako. Kupanda Riat kutoka mjini hutaisikia. Usilipe mara mbili au tatu ya bei kwa sababu hiyo.

Sababu ya kweli ya kufikiria mara mbili ni usafiri. Wengi wetu tunabeba baiskeli kwa basi na matatu, Nakuru hadi Kisumu kupitia Mau Summit na Kericho, ikiwa imelazwa chini ya mizigo. Hendeli ya kaboni ikilala juu ya ukingo wa chuma saa kadhaa, juu yake gunia la viazi, barabara inatikisa, hilo ndilo jeraha lile KibosJuu analolisema. Ukiwa nayo, nunua ile sponji nyeusi ya kufunikia mabomba ya friji, ipasue upande mmoja, ivike hendeli yote na uifunge kwa ukanda wa tyubu kuukuu. Legeza stemu, geuza hendeli ilale sambamba na fremu, na uhakikishe leva haigusi mrija wa juu. Bora zaidi uitoe kabisa na uifunge ndani ya nguo.

FundiBondeni
Maneno mazuri hayo.

Sasa kufunga, kwa sababu hendeli nyingi huharibiwa siku ya kwanza. Pitisha kidole ndani ya stemu na kwenye ukingo wa kifuniko chake cha mbele. Ukihisi makali, pitisha msasa wa 400 mpaka pawe laini. Futa stemu na hendeli kwa spiriti safi isiyo na mafuta. Kwa alumini, funga kavu. Kwa kaboni, paka safu nyembamba ya peisti ya kaboni, ile yenye chembechembe kama mchanga mdogo. Chembe hizo huongeza msuguano, ndiyo maana unaweza kukaza kidogo na bado hendeli isizunguke. Grisi usiitie hapo kamwe. Itateleza, utakaza zaidi, na utaiponda.

Bolti nne za kifuniko zikazwe kwa msalaba: juu kushoto, chini kulia, juu kulia, chini kushoto. Raundi ya kwanza Nm 2, ya pili 4, ya mwisho 5, ama namba iliyoandikwa kwenye stemu. Hendeli ikiwa imeandikwa namba ndogo kuliko ya stemu, fuata ndogo. Nafasi ya juu na ya chini kati ya kifuniko na stemu iwe sawa, isipokuwa stemu yenyewe imeandikwa kwamba upande mmoja hufungwa hadi mwisho kwanza. Nafasi zikitofautiana, kifuniko kinabana hendeli kwa ukingo badala ya uso wote, na hapo ndipo ile mikwaruzo ya MteremkoNjoro hutoka.

MteremkoNjoro
Fundi, na kama sina hiyo spana ya kupimia?

FundiBondeni
Kwa alumini kuna njia. Tumia ile mizani ya kuning'iniza, ya kupimia mizigo ama samaki. Nm 5 ni sawa na kuvuta kilo 5 ukiwa sentimita 10 kutoka katikati ya bolti. Alenki ya milimita 4 huwa fupi, kwa hiyo kama umeshika sentimita 7 kutoka kwenye bolti, vuta kilo 7. Kwa Nm 3 vuta kilo 3 kwa sentimita 10. Mizani ivutwe kwa pembe mraba na alenki, polepole, usishtue. Ukivuta kimshazari, namba unayosoma si nguvu inayofika kwenye bolti.

KibosJuu
Kwa alumini sawa. Kwa kaboni msifanye hivyo, nawaomba. Kuna spana ndogo zilizowekwa Nm 5 tayari, zinabonyea zikifika na haziendi zaidi. Kama bei ya hiyo spana haimo kwenye bajeti, basi hendeli ya kaboni pia haimo.

Na leva! Watu hukaza stemu kwa uangalifu halafu wanakaza leva ya breki kama nati ya gurudumu la lori. Leva na gia zinataka Nm 2 hadi 3. Jaribio ni hili: ukishika leva na kuisukuma kwa nguvu izunguke kidogo. Ukianguka, inayozunguka inasalimika, na hendeli pia. Isiyozunguka inachimba ndani ya kaboni, ama inavunjika yenyewe.

kakamega_tope
Ongezeni kukata, maana hendeli nyingi mpya zinakuja 780 au 800.

Kutoka 780 hadi 760 unatoa milimita 10 kila upande. Kabla ya kukata, sogeza gripu na leva ndani kwa kiasi hicho, panda hivyo wiki nzima, ndipo uamue. Angalia alama za kukatia zilizochapwa kwenye ncha, usizipite. Zungusha selotepu ya karatasi, chora mstari juu yake.

Alumini unaweza kuikata kwa kikata bomba cha fundi wa maji, lakini kinaacha mdomo uliovimba ambao lazima upigwe tupa, la sivyo gripu haiingii. Kaboni usiiguse na kikata bomba, kinaiponda. Tumia msumeno wa chuma wenye meno 32 kwa inchi, blade mpya. Lowesha kwa maji, vaa barakoa, fanyia nje, kwa sababu vumbi lake si la kuvutwa kifuani. Kata hadi robo tatu, kisha zungusha hendeli umalizie kutoka upande wa pili. Ukienda moja kwa moja kipande kinachoanguka kinachanika na nyuzi. Piga msasa mlaini, halafu ziba mdomo kwa tone la supagluu ili unyevu usiingie kati ya matabaka.

Na mwisho, vizibo. Hendeli isiyo na kizibo inaingia pajani mtu akianguka. Hiyo ni kwa kaboni, alumini, hata ile ya baiskeli ya Black Mamba.

dada_wa_riat
Baada ya kuanguka mnakaguaje?

KibosJuu
Alumini: simama mbele ya baiskeli, gurudumu likiwa limenyooka, pima kutoka kila ncha hadi chini. Zikitofautiana, toa hendeli uilaze juu ya meza bapa uone kama imepinda. Imepinda ni ya kutupa. Usiinyooshe, kila unapoikunja tena unaongeza ufa.

Kaboni: toa kila kitu, gripu, leva, kifuniko cha stemu. Bila kutoa hujakagua. Pitisha kitambaa cha pamba uone kama kinanasa. Pitisha ukucha kwenye kila mkwaruzo: ukiwa kwenye vanishi tu, sawa, ukiona nyuzi, imekwisha. Gonga kwa sarafu kutoka stemu hadi ncha, kila sentimita moja. Mlio uwe mkali na wa aina moja, ukibadilika ghafla ukawa mzito kama umegonga ubao uliolowa, matabaka yameachana hapo. Mlio kuwa mzuri hautoshi kuisafisha, lakini mlio mbaya unatosha kuihukumu.

Kwa ratiba ya kawaida, alumini inayopigwa njia ngumu ibadilishwe kila miaka miwili au mitatu hata kama haina alama. Pia itoeni mara moja kwa mwaka, hasa watu wa Kisumu. Jasho la joto la ziwani linaingia chini ya gripu, na utakuta unga mweupe unaokula alumini. Kaboni haishiki kutu, ila pete za alumini zinazoishika huliwa haraka zaidi zikigusana nayo penye chumvi.

FundiBondeni
Kuna mafundi wa jua kali watakaokwambia alumini iliyopasuka inachomwa kwa weldi. Kweli inachomeka. Lakini aloi za 6061 na 7075 hupata nguvu zake kwa kupikwa kiwandani kwa joto maalumu. Moto wa kuchomea unaiondoa nguvu hiyo pale pale penye ufa. Na 7075 hata haipendi kuchomwa kabisa. Hendeli haichomwi.

kakamega_tope
Na feki. Mtandaoni kuna kaboni zenye majina makubwa kwa bei ya alumini. Hendeli halali, iwe kaboni au alumini, inapita majaribio yale yale ya ISO 4210, ambapo ncha zote mbili husukumwa kinyume na kisha pamoja, maelfu kwa maelfu ya mara. Feki haijapita popote. Mulika tochi ndani: ukiona mikunjo, vipande vilivyoning'inia, mapovu ya gundi, rudisha. Kati ya kaboni feki na alumini ya kawaida ya kampuni inayojulikana, hakuna mjadala. Na kaboni ya mtumba usinunue hata ukipewa risiti, historia yake haiko kwenye risiti.

FundiBondeni
Basi nimwambie MteremkoNjoro wazi. Chukua alumini ya 31.8, upana 760 au 780 ukate, yenye kuta nene katikati na nyembamba kuelekea ncha, kurudi nyuma digrii 7 hadi 9, na kuinuka milimita 20 ili upunguze mzigo wa mikono. Gripu za kufungwa kwa bolti, nene kidogo, na ile tairi ya mbele. Hiyo 2.35 mpya yenye psi sahihi itafanyia mikono yako kazi ambayo kaboni haiwezi.

KibosJuu
Kwa bajeti hiyo nakubali. Akishakuwa na spana na mazoea ya kukagua, aje tuongee kaboni.

MteremkoNjoro
Nimeamua alumini. Uzi umetoa sentimita 10, kwa hiyo ni 31.8. Siti ilikuwa imeinama mbele, nimeiweka sawa. Hii ya zamani yenye mikwaruzo nimpe kijana wa jirani anayejifunza?

FundiBondeni
Hapana, usimpe. Ikate katikati kwa msumeno kabla ya kumpelekea mtu wa vyuma chakavu. Ukiitupa ikiwa nzima, itafungwa kwenye baiskeli ya mtu mwingine kabla ya Ijumaa.